Nyasi za Kuvika Migomba

Simu ya mjomba haina salamu ndefu. Nasema shikamoo, anasema marahaba, halafu anakwenda moja kwa moja kwenye jambo lake kwa kuogopa mtandao utakatika, na kwa kweli kule kwao hukatika. Lakini asubuhi ile, mwaka juzi, baridi ya mwezi wa sita ikiwa imeanza kuuma, hakukimbilia jambo lake. Nikamsikia anapumua. Kisha akasema, "Mwanangu, mgomba wa mama umechipua."

Mjomba ni kaka wa mama yangu, na huyo "mama" aliyemtaja ni bibi yangu, aliyefariki nikiwa darasa la tano. Mgomba wake ulikufa mwaka huohuo. Mimi mwenyewe niliuona umeoza, nikaushika, nikanawa mikono kwa majivu na harufu isiishe. Kwa hiyo ungetegemea nimwambie mzee wa watu kwamba kitu kilichooza miaka yote hiyo hakiwezi kuchipua. Sikumwambia. Akili ilikataa, lakini jioni nilikuwa napanga begi, na kesho yake nikapanda basi la Njombe kutoka hapa Songea, nishukie Madaba.

Acha nikurudishe nyuma, rafiki yangu, maana bila kumjua bibi utaniona mwehu, mtu mzima mwenye watoto wakubwa kufunga safari kwenda kutazama mgomba.

Bibi hakuwa mtu wa Madaba. Alizaliwa Nalasi, huko Tunduru, kwenye joto na mikorosho. Babu, ambaye mimi sikumkuta, alikwenda upande ule kupasua mbao, akarudi na mke. Ndugu wa bibi walinuna. Binti wa Kiislamu kuolewa na Mkatoliki ilikuwa shida ya kwanza, kupelekwa milimani kwenye ukungu ilikuwa ya pili. Hakuna aliyemsindikiza. Asubuhi ya kuondoka alikwenda nyuma ya nyumba ya mama yake, akachimba mtoto wa mgomba kwa mikono, akaufunga kwenye kanga na udongo wake, akaubeba mgongoni njia nzima. Alipokuwa akinisimulia, alikuwa akisema watu njiani walimpa pole ya mtoto mgonjwa, kwa jinsi alivyoufunika.

Nyumba yetu ilikuwa bondeni, ule upande wa Madaba unaopanda kuelekea Njombe. Ukitaka kujua baridi, usiniambie ya hapa Ruhuwiko, mtaa wa Songea ninapoishi sasa. Ya hapa inabisha hodi mlangoni na kuondoka. Ya kule inaingia ndani na kukaa. Mwezi wa sita na wa saba ukungu ulilala bondeni hadi karibu na mchana, manyunyu yakinyesha bila ngurumo wala upepo, nguo zikianikwa hazikauki, kuni zinatoa moshi badala ya moto. Na miaka mingine, mawingu yakiondoka, ilianguka sakitu: unaamka unakuta umande umeganda juu ya majani ya maboga, mweupe, ukiukanyaga unavunjika kwa sauti ndogo. Wenyeji walikuwa na migomba yao migumu isiyojali. Mgomba wa bibi ulijali. Kila baridi ilipoingia ulikunja majani na kuwa mnyonge, na bibi naye alikuwa hivyohivyo, anajikunja kwenye shuka zito na kulaumu milima.

Yeye aliiita ndizi ya kwetu. Sisi tuliiita ndizi ya bibi. Kwa mbali mgomba wake ulifanana na mingine yote, ila ukigeuza jani chini, ule uti wake wa katikati ulikuwa na wekundu wa ufizi wa mtoto mchanga. Hiyo ndiyo ilikuwa alama. Ndizi zenyewe zilikuwa fupi, nene, chane hazijai vizuri. Huko kwao zilipikwa kwa nazi. Madaba ya wakati ule nazi ilikuwa kitu cha kusikia, basi bibi alizipika kwa karanga za kutwanga, chumvi kidogo, chungu kikachemka taratibu hadi mchuzi ukashika. Jikoni kulikuwa na moshi wa kutoa machozi, paka anazunguka miguu, mvua inagonga bati, na bibi anachota kwa upawa na kuonja na kusema bado, bado, mpaka mate yanijae mdomoni. Siku nyingine zote tulikula ugali na likolo la majani ya maboga kama kila mtu. Siku ya ndizi ya bibi nilikuwa sitaki hata kwenda kucheza.

Nilikuwa naishi naye kwa sababu mama alikuwa akihangaika na maisha Songea mjini, na shule ya msingi ya kijijini ilikuwa karibu. Kwa hiyo miaka ile yote ya utoto wangu, mwaka haukugawanyika kwa mihula ya shule. Uligawanyika kati ya migomba kuvikwa na migomba kuvuliwa.

Kuvika ndilo neno lake. Nyasi tulizikata mwezi wa tano, tukazianika juu ya banda la kuku, tukizigeuza kila jua likitoka na kukimbia kuziingiza jikoni kila manyunyu yalipoanza. Nilizichukia. Zilikata vidole, zilijaza vumbi puani, na harufu yake ilinifuata hadi darasani, wenzangu wakiniuliza kama nimelala zizini. Siku ya kuvika ilikuwa lazima iwe kavu. Bibi alitoka asubuhi, akapitisha kiganja kwenye mwili wa mgomba toka juu hadi chini kama mtu anayepima homa ya mtoto, kisha akakinusa kiganja. Kikiwa na unyevu hata kidogo alisema, "Leo hapana," akarudi ndani kwenye maharage yake. Tulingoja hivyo hata wiki, nyasi zimejaa jikoni, kuku wanataga humo, mjomba anagomba kwamba nyumba imekuwa zizi. Mjomba wakati huo alikuwa kijana, ameoa karibuni, nyumba yake iko pale pale uwanjani.

Siku ikifika, bibi alikata majani makubwa yote akaacha lile la katikati tu, ambalo halijafunguka. Akazungushia mwili maganda makavu ya mgomba wenyewe, kisha nyasi, akifunga kwa kamba za mgomba. Kazi yangu ilikuwa kushikilia nyasi zisianguke wakati yeye anazunguka na kamba, kwa hiyo tulizunguka wote wawili hadi nikapata kizunguzungu na kucheka. Chini alirundika majivu na samadi kavu. Juu kabisa aliweka kofia, nyasi zilizofungwa kileleni na kutawanywa pembeni, ili maji yateleze nje yasishuke kwenye moyo wa mgomba. Na upande jua linapochomoza aliacha mwanya wa kupitisha mkono. Nilimuuliza ni wa nini. Akasema, "Wewe ukijifunika blanketi unaziba na pua?"

Jirani yetu, mama mmoja mcheshi mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, hakuiacha siku hiyo ipite. Alisimama kwenye ua wake, mikono kiunoni. "Mama wa Nalasi! Na mbuzi wako je, umeshamshonea sweta?"

"Mbuzi ana manyoya yake," bibi akamjibu bila kugeuka. "Wewe huna, ndiyo maana nakuona na makoti mawili."

Walicheka wote, na jioni jirani akaja kuomba moto na kukaa hadi chakula. Kijiji kizima kilimwona bibi ni mtu wa vituko, lakini kilimpenda. Watu waliokuja kututembelea walielekezwa hivi: pita kanisani, teremka, ukiona migomba imevaa nguo, umefika.

Neno alilorudia kuniambia zaidi ya mengine yote lilikuwa hili: baridi inachoma majani tu, maji ndiyo yanayoua. Mgomba uliochomwa na baridi utachipua tena chini. Mgomba uliofungwa na maji ndani unaoza kimyakimya hadi kwenye mizizi, na wewe uko nje unaona nguo nzuri tu. Usivike kamwe kilicholowa. Alinifundisha hilo kuliko alivyonifundisha Baba Yetu. Na kuvua pia kulikuwa na wakati wake: tulisubiri miyombo ya mlimani ianze kutoa majani mapya, yale mekundu yanayokuja kabla ya mvua. Kwanza alitoa kofia, akangoja. Kisha kifua. Miguu ikawa ya mwisho. Akikuta lile jani la katikati limenyooka, kijani, hai, bibi yangu aliyebatizwa, aliyeimba kanisani kila Jumapili, alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini na kunitazama kama anayeniomba nisimsemee.

Mwaka ule wa mwisho tulivika kama kawaida. Nakumbuka alikaa chini mara nyingi, akasema kifua kinambana, mjomba akafunga kamba za juu. Haikupita muda akalazwa, akarudishwa nyumbani, na mwezi wa saba ulipoingia akafariki asubuhi moja, mimi nikiwa nimetumwa kuchota maji. Nilirudi na ndoo nikakuta wanawake wamejaa uwanjani. Hakuna aliyeniambia. Jirani alinipokea ndoo, akaiweka chini, akanivuta kifuani kwake, ndipo nikajua.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo penyewe.

Msiba wa kwetu watu hulala. Wanawake ndani na mwili, wanaume nje kwenye moto. Walikuja wengi, kutoka vijiji vya juu na vya chini, kwa sababu hakuna aliyekuwa hajawahi kumcheka bibi na migomba yake, na hakuna aliyekuwa hajawahi kula kwake. Manyunyu yalikuwa hayajakatika kwa siku nyingi. Sakafu ya udongo ilikuwa baridi ya kupita kwenye mkeka, kuna vikongwe, kuna wanaonyonyesha. Desturi ni kutandika nyasi kavu chini, mikeka juu. Lakini bonde zima lilikuwa limelowa, mlima umelowa, mapaa yamelowa. Nyasi kavu zilikuwa sehemu moja tu, na kila mtu alikuwa akiziona zimesimama pale nyuma ya nyumba, zimefungwa vizuri, zimewekewa kofia.

Walimwendea mjomba. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Mzee mmoja alimwambia kwa upole mkubwa, "Mwanetu, kina mama wanaumia na baridi mle ndani. Zile nyasi za marehemu, tunaomba tuzichukue, tukishazika tutazirudisha."

Ungesema nini? Mwenye msiba hawezi kuwaambia waliokuja kumlilia mama yake walale kwenye matope kwa ajili ya migomba. Nimemfikiria mjomba maisha yangu yote akiwa pale, macho yamevimba, kofia ameishika mkononi. Alitikisa kichwa kukubali. Vijana wakaenda na mapanga, wakakata kamba, wakabeba. Walifanya kwa heshima, hata hawakupiga kelele. Waliacha migomba imesimama uchi, myembamba, ikiwa na lile jani moja kileleni, na mimi nikaona aibu kuitazama.

Nililala juu ya nyasi zile. Hili ndilo linaloniuma. Jirani alinilaza katikati ya wanawake, na zilikuwa na joto, na zilinuka vilevile kama nywele zangu zilivyonuka darasani, kama mikono ya bibi, na mimi niliyekuwa nimelia siku nzima nililala usingizi mtamu sana. Nilipoamka mawingu yalikuwa yameondoka. Uwanja ulikuwa mweupe. Wanaume kwenye moto walikuwa na sakitu kwenye mablanketi. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikakuta majani ya migomba yameanza kuwa meusi na kulegea, kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto.

Tulimzika siku hiyo. Tuliporudi kutoka makaburini, manyunyu yameanza tena, na moyo wa kila mgomba ulikuwa wazi, unapokea maji.

Walitimiza ahadi yao. Wageni walipotawanyika, vijana walizirudisha nyasi zote, hata za kuokoteza. Zilikuwa zimekanyagwa, zimemwagikiwa chai na uji, zimelowa jasho na mvua. Na mjomba, ambaye alikuwa hajalia mbele za watu, alichukua kamba akaanza kuvika. Alivika kwa haraka, kwa nguvu, mvua inamnyeshea mgongoni.

Nikamwambia, "Mjomba, bibi haviki ikiwa imelowa."

Hakunisikia. Nikamshika shati. "Mjomba, alisema maji ndiyo yanaua."

Alinigeukia, uso wake umejaa maji sijui ya wapi. "Unataka niiache hivi? Mama yuko kule chini peke yake, na hii niiache uchi?" Akaendelea. Alifunga kofia zote, akabana kila mahali, na ule mwanya wa jua hakuuacha, kwa sababu hakuwahi kuelezwa. Mimi nilisimama kwenye mvua nikamshikia nyasi zisianguke. Ningefanya nini kingine?

Ilipendeza sana, rafiki yangu. Kuanzia hapo hadi miyombo ilipokuwa myekundu, kila aliyepita alimsifu mjomba kwamba ameitunza kazi ya mama yake. Siku ya kuvua tulikuwa wawili. Alifungua kofia ya kwanza, harufu ikatupiga. Aliingiza mkono, ukazama ndani laini kama uji uliochacha. Alifungua wa pili, na wa tatu, na ile midogo ya pembeni. Alichimba mizizi, akaikata kwa jembe, ilikuwa kahawia na inavuja. Kisha akakaa kwenye udongo. Sijui kama aliwahi kulisema jambo hilo kwa mtu yeyote. Najua tu kwamba toka siku ile mjomba hakula ndizi. Akiwekewa kwenye sahani, aliisogeza pembeni kwa kidole na kuomba radhi kwamba tumbo linamsumbua.

Nilipokuwa mkubwa nilikwenda Nalasi. Nilijidanganya kwamba nakwenda kuwasalimia ndugu. Walinipokea vizuri, ugomvi wa zamani hakuna aliyeukumbuka, na wakanionesha mahali ilipokuwa nyumba ya mama yake bibi. Ni mikorosho mitupu, imepangwa vizuri kwenye mistari. Niliwauliza kuhusu ndizi fupi yenye uti mwekundu. Mama mmoja mtu mzima alifikiri sana, akasema, "Zilikuwepo, inshallah utazipata mahali," kwa namna ile mtu anavyokuambia jambo ili usirudi mikono mitupu. Sikuzipata.

Basi ndiyo safari yangu ya mwaka juzi. Mjomba alinipokea kituoni mwenyewe, akiongozwa na mjukuu wake. Amezeeka, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Wanawe wamewakodishia watu wa parachichi shamba lote, hadi uwanjani, hadi nyuma ya nyumba ya bibi ambayo haipo tena. Bonde nililolijua limekuwa mashimo yaliyochimbwa kwa kamba, miche midogo imesimama kila upande, na trekta ilikuwa inasubiriwa kumaliza kona iliyobaki.

Kwenye kona hiyo, karibu na lilipokuwa shimo la takataka, kulikuwa na mgomba mchanga umefika kiunoni. Mjomba aliugundua kwa mikono, akipapasa njia ya kwenda chooni. Alinishika mkono akanipeleka, anatembea haraka kuliko mwanga wake ulivyomruhusu.

"Ni pale pale," akasema. "Ni pale pale, sivyo?"

Hapakuwa pale pale bibi alipopanda. Palikuwa mbali kidogo, na mgomba wowote ungeweza kuota kwenye takataka. "Karibu na pale," nikasema.

"Geuza jani. Mimi sioni. Nitazamie uti wake."

Niligeuza jani. Uti wake ulikuwa kijani, kijani safi, kama migomba yote unayoiona sokoni na majumbani kwa watu. Nikageuza la pili. Upepo wa baridi ulikuwa unapita, na mjomba alikuwa amesimama na kofia mkononi, vilevile kama siku ile alipotikisa kichwa.

"Ni mwekundu, mjomba," nikamwambia. "Ndiyo wenyewe."

Alikaa chini pale pale kwenye udongo. Alilia hadi mjukuu wake akaogopa. "Sikuiua," alikuwa akisema. "Kumbe sikuimaliza."

Nimeuleta hapa Ruhuwiko, nikaupanda nyuma ya nyumba, kwa sababu aliniomba niuondoe kabla ya trekta na sikuwa na namna nyingine. Mwezi wa sita uliofuata, alinipigia. "Umeuvika?" Nikamwambia nimeuvika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimetafuta nyasi, nikazianika vizuri, nikasimama nazo mbele ya ule mgomba wa kijani na mikono ikagoma. Nilitaka ufe. Nakuambia hivyohivyo ilivyo: mjukuu wa bibi yule nilisimama kwenye baridi nikaombea sakitu, ili mgomba ule usije ukazaa, ili mjomba asije akaonja. Macho nimeyadanganya, ulimi nitaudanganyaje? Lakini Ruhuwiko hakuna sakitu. Mgomba haukujua hata kama ni baridi. Ulinenepa, ukatoa mkungu.

Mwanangu wa mwisho, bila kujua, alimtajia mjomba huo mkungu kwenye simu. Kuanzia hapo mjomba aliniuliza kila wiki zimejaa kiasi gani.

Wiki iliyopita nilizikata. Nilizipika kwa karanga za kutwanga, nikizikumbuka hatua za bibi moja baada ya nyingine, nikazitia kwenye hotipoti, nikapanda basi. Njiani nilipanga maneno. Nitasema udongo wa huku ni tofauti. Nitasema karanga za dukani hazina ladha. Nitasema yote.

Mjomba alinawa, akashika kipande, akakiweka mdomoni. Alitafuna taratibu sana, uso umetulia, na mimi nilikuwa nimeshika kiti. Alimeza. Kisha uso wake ukafunguka nikamwona yule kijana aliyekuwa akigomba kuhusu nyasi jikoni.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Mungu wangu. Ndiyo hii hii."

Kwa nini isiwe yenyewe? Hajaonja ndizi toka wakati ule. Akachukua kingine, akaniambia nile naye, mama asingependa ale peke yake. Nikala. Nikafumba macho nikaisubiri ndizi ya bibi ije mdomoni, ile ya moshi na bati na upawa, niipime na hii, niwe angalau mtu mmoja duniani anayejua kwamba siyo. Ndicho pekee nilichokuwa nimebakiwa nacho.

Haikuja. Nilitafuna na kungoja, nikatafuta nyuma kabisa huko nilikoitunza miaka yote, nikakuta ladha ya hii tu, mgomba wa takataka uliokulia Ruhuwiko. Nikafumbua macho. Mjomba alikuwa amenyoosha sahani yake kwenye giza lake, anasubiri nimwongeze.